Kima punju, popo na riziki zetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiwa mjumbe wa kamati ya uhifadhi ya kijiji, maswali hayangoji mkutano. Yanakukuta barazani, dukani, ndani ya daladala, hata njiani mkirudi mazikoni. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo kusini mwa Unguja, na ujombani kwetu ni Pemba, kwa hivyo ya huku na ya kule yote hunifikia. Hapa nimeandika yale yanayorudi kila mara, kama yanavyoulizwa. Pale ninapotoa maoni yangu nitasema ni yangu.

Kwani mnyama ana thamani kuliko mtu?

Anayeniuliza hivi aghalabu ni mtu aliyeamka asubuhi akakuta shamba lake limevurugwa, kwa hivyo sijibu kwa kukemea. Visiwa vyetu ni vidogo na sisi ni wengi: sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Kila mzigo wa kuni na kila tanuri la chokaa lina msitu lilikotoka. Na wanyama tunaowazungumzia hawana kwengine. Kima punju asili yake ni Unguja tu, na popo mkubwa wa Pemba yuko Pemba tu. Wakimalizika hapa, wamemalizika duniani.

Lakini naona mizani hii tumeishika vibaya. Si mnyama upande huu na mtu upande ule. Pande zote mbili wamo watu. Yupo mwenye hoteli, dereva, muongoza watalii na Serikali, ambao kima akiwa hai wanapata. Na yupo mkulima wa Pete au Kitogani, vijiji vya jirani na msitu wa hifadhi wa Jozani, ambaye kima akiwa hai anapoteza. Uhifadhi utakaodumu ni ule unaompelekea faida yule yule aliyebeba hasara. Pasipokuwa hivyo, weka askari kila mti, msitu utakatwa usiku.

Kima wanamaliza mazao yangu. Nani atanilipa?

Kwanza tujue ni kima gani. Tukishikwa na hasira wote tunawaita kima, lakini huku Unguja wako wawili na tabia zao ni mbali mbali. Kima wa kawaida, yule wa kijivu, hachagui: ndizi, mahindi, mapapai, chochote alichopanda mtu. Kima punju ana mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, na tumbo lake limeumbwa kwa ajili ya majani. Anakula vichipukizi, majani machanga na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari nyingi linamdhuru. Ukikuta ndizi mbivu imetafunwa, usimtie hatiani kima punju. Muulize kima wa kijivu, au komba.

Kwenye minazi, hapo kweli anaingia. Anapenda vidaka, yaani nazi changa kabisa. Wataalamu waliofuatilia mashamba ya pembezoni mwa Jozani miaka ya 1990 walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizoangushwa, wakaona kuwa pale kima walipokula vidaka vingi mavuno hayakuwa pungufu; yalikuwa mazuri zaidi. Niliposikia mara ya kwanza sikukubali. Halafu nikakumbuka jambo ambalo kila mwenye mnazi analijua: mnazi wenyewe huangusha vidaka chungu nzima kabla havijawa vitale, kwa sababu hauwezi kuvilea vyote. Inaelekea kima anapunguza vile ambavyo vingeanguka.

Kuna jengine ambalo watu hulicheka na lina maana. Kima punju huokota makaa kwenye matanuri na majikoni akayala. Majani ya mwembe na ya mkungu yana sumu kidogo kwa tumbo lake, na makaa huifyonza. Mnyama amejifunza dawa kutokana na kuishi karibu na sisi.

Hayo yote hayafuti hasara ya aliyepoteza. Katika Jozani, sehemu ya fedha za viingilio hurudi kwa vijiji vinavyoizunguka hifadhi na kwa wenye mashamba ambamo kima hula. Ni mgao, si fidia ya kila mche, na mkulima aambiwe hivyo waziwazi tangu mwanzo asije akajiona amedhulumiwa. Ukipata hasara, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa sheha au kwa mjumbe wa kamati, hesabu miche, piga picha kwa simu. Taarifa ya baada ya wiki tatu haina nguvu.

Maoni yangu, na nimeyasema mpaka wenzangu wamechoka: orodha ya waliopokea, kiasi gani na lini, ibandikwe ukutani pale watu wanapokaa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ugomvi mwingi nilioushuhudia haukutokana na uchache wa fedha. Ulitokana na kutojua zimekwenda wapi. Na mgao ukimalizika wote kwenye jengo la kijiji, basi mwenye shamba amechangia jengo peke yake huku jirani asiye na hata mgomba akipumzika chini ya paa hilo. Jengo lijengwe, lakini aliyeumia apate chake kwanza.

Kima punju si wameshakuwa wengi? Mbona bado mnasema wako hatarini?

Hesabu kubwa iliyotangazwa mwaka 2017 iliwaona zaidi ya 5,800, kuliko ilivyodhaniwa kabla. Ni habari njema. Lakini kuhesabu vizuri zaidi siyo kuongezeka, na hesabu hiyo hiyo ilionesha kuwa makundi ya ndani ya hifadhi ni makubwa kuliko ya nje. Msitu wa nje unazidi kumegwa kwa nyumba, mashamba na mahoteli. Kisha tazama idadi yenyewe: 5,800 na ushei ndio wote waliopo duniani. Uwanja wa mpira wa kawaida ungewaenea, na viti vikabaki.

Yale matuta ya barabarani Jozani yana faida gani? Yanatuchelewesha.

Barabara ilipotiwa lami mwaka 1996, magari yakaanza kwenda kasi na kima wakawa wanagongwa, mmoja kila wiki mbili au tatu kwa zile taarifa zilizofika. Baada ya kuwekwa matuta manne vifo vilipungua, ikawa kama mmoja kila wiki sita. Dakika mbili za dereva zinanunua hayo. Kwangu ni bei ndogo, na sijaona jambo jengine katika uhifadhi wa Unguja lililogharimu kidogo likaleta mengi hivyo.

Popo wa Pemba walikaribia kumalizika. Waliponaje?

Nilipokuwa mdogo, ujombani popo walikuwa kitoweo. Watu walikwenda na nyavu, na bunduki zilipoingia, jua likitua mlio ulikuwa mmoja baada ya mwengine. Popo huyu ni mkubwa, mbawa zake zikifunguka zinapita mita moja na nusu, uso kama wa mbweha na manyoya ya rangi ya machungwa. Hulala mchana kwa mamia au maelfu kwenye miti ile ile, kwa hivyo mwenye bunduki hakuwa na kazi ya kutafuta. Na jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Biashara ya namna hiyo haiendi mbali: unatoa kumi, anarudisha mmoja.

Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki kama 5,000 tu. Mwaka 1996 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikamuandika kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kufikia 2007 walikuwa wamefika kiasi cha 20,000, na daraja lake la hatari likateremshwa. Hapa kwetu ni jambo la nadra mnyama kurudi namna hiyo, na mimi nalitaja kila ninapopewa nafasi ya kusema.

Ilikuwaje? Miti ya makaazi ya popo mingi haimo ndani ya hifadhi yoyote. Imo kwenye mashamba ya watu, kwenye makaburi, pembeni ya mikoko. Serikali peke yake isingeweza kuilinda yote. Ziliundwa klabu za vijiji na watoto wakafundishwa maskulini. Pale Kidike, upande wa Mjini Ole, familia na majirani wakageuza kichaka chao kuwa mahala pa kutembelewa, mgeni analipa kiingilio kidogo na fedha inabaki pale pale. Aliyekuwa akipiga popo akawa ndiye anayemuonesha mgeni wapi pa kusimama ili popo wasishtuke. Ujuzi ni ule ule wa kuujua mti, saa na upepo. Umebadilisha kazi tu.

Sitaki kupamba. Pemba haipati watalii wengi kama Unguja, na kuna miezi kitabu cha wageni hakiandikwi. Kijiji kikiweka tegemeo lake lote kwenye kiingilio, mwaka wageni wasipokuja bunduki itatolewa darini. Tuliliona hilo mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga safari.

Popo si ndio wanaokula maembe na mashelisheli yetu?

Wanakula, na hupenda yaliyoiva. Embe la kuuza huchumwa kabla halijaiva mtini, kwa hivyo wanachopata zaidi ni masazo. Mbegu wanazoangusha njiani ndizo zinazoota msituni, na ukienda msitu wa Ngezi, Pemba, utaona miti ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Mkulima mwenye miti michache karibu na nyumba na anayetaka matunda yaive juu, atumie vikapu au nyavu za kufunika shada. Nyavu ziwe zimekazwa, popo asije akanasa.

Wasasi wafanye nini? Paa ni kitoweo cha asili.

Paa nunga hayuko pengine ila misitu michache ya Unguja na ya pwani ya Kenya, na kumsasi ni kosa. Wasasi wanaijua misitu kuliko mtu mwengine yeyote, na pale walipochukuliwa kuwa walinzi wamefanya kazi vizuri. Wanapofukuzwa tu, wanarudi na mbwa.

Mkifunga bahari, sisi tule nini?

Hili ndilo swali la akina mama, na lina haki ya jibu refu.

Mwanamke anayekwenda pwani kuchokoa pweza hana dau wala mashine. Ana mkuki, ndoo na bamvua. Maji yanapokupwa sana, mara mbili kwa mwezi, anapata siku zake chache za kutembea kwenye miamba. Maji mafu yakiingia, hana kazi. Ukimwambia eneo lile limefungwa miezi mitatu, umemkata siku zote hizo. Mwanamume mwenye ngarawa atakwenda mbele zaidi. Yeye hatakwenda popote.

Sasa kwa nini akubali? Kwa sababu pweza ana tabia ya peke yake: anaishi muda mfupi, kama mwaka na kidogo, na anakua kwa kasi mno. Pweza wa nusu kilo akiachwa miezi mitatu ni pweza mwengine kabisa. Kisiwa Panza kule Pemba walijaribu: sehemu moja tu ya miamba ikafungwa kwa muda, nyengine zikabaki wazi, kisha siku ya kufungua ikatangazwa. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimefanya hivyo pia, na walioshika mpango wametoa pweza wakubwa wa kupigiwa mnada dikoni.

Penye kushika mpango ndipo penye tabu. Nimeona eneo likilindwa miezi mitatu na wanawake wa kijiji, halafu siku ya kufungua wakaja wapiga mbizi kutoka madiko mengine, vijana wenye miwani na bunduki za maji, wakabeba kabla maji hayajakupwa. Wanawake walipofika walikuta mashimo matupu. Msimu uliofuata hapakuwa na aliyetaka kusikia neno kufunga, na sikuwalaumu.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa kamati za uvuvi za shehia ni huu. Siku ya kwanza ya kufungua wawe watu wa miguu tu, wapiga mbizi waje baadaye. Madiko ya jirani yaalikwe kwenye mkutano wa kufunga, wasisubiriwe siku ya ugomvi. Wachuuzi waambiwe mapema, kwa sababu pweza wote wakija siku moja bei inaanguka na tajiri ndiye anayepata. Na ichaguliwe miezi ambayo kina mama wana shughuli nyengine, kama mavuno ya mwani, wasikae na njaa wakitazama bahari.

Dini inasemaje?

Mimi si sheikh. Lakini kila mtoto aliyepita chuoni anajua kuwa Qur'ani inasema wanyama na ndege ni umma kama sisi, na kwamba tule na tunywe bila ya kufanya israfu. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, wavuvi walikuwa na mila yao ya kukiheshimu. Husimuliwa kuwa Nabii Khidhri aliomba msala, yaani mkeka wa kusalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ndio msala wake. Kilipowekwa chini ya uhifadhi mwaka 1998, baadaye masheikh waliingia kufundisha kwa aya hizo kwa nini baruti na nyavu za macho madogo ni uharibifu. Maneno hayo yaliingia mahala ambapo karatasi ya kanuni haikuingia. Mtu anaweza kumkwepa askari wa doria. Anayeamini kuwa anaonekana hana wa kumkwepa.

Wazee wetu walikula kasa. Kwa nini leo ni kosa?

Kwa sababu kasa huchukua miaka mingi, hata zaidi ya ishirini, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na wanaofika umri huo ni wachache sana. Sheria inakataza kumuua na kuchukua mayai yake.

Na kuna sababu ya pili ambayo inaniuma kuiandika. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengi wengine wakalazwa. Nyama ya kasa mara nyengine hubeba sumu, haijulikani kwa macho wala kwa harufu, na kuipika hakuiondoi. Mwambie kila mtu mwenye mtoto.

Utalii wa pomboo Kizimkazi ni uhifadhi au ni biashara tu?

Kabla ya miaka ya 1990 pomboo walivuliwa kwa nyama na kwa chambo cha papa. Watalii walipoanza kuja, pomboo hai akawa na faida kuliko aliyekufa, na uwindaji ukakoma. Hilo ni zuri. Lakini boti kumi zikimzunguka mama na mtoto wake, hapumziki wala hanyonyeshi, na kumfukuza kila siku kunamdhoofisha. Ghuba ya Menai, ilimo Kizimkazi, ni eneo la hifadhi tangu 1997, taratibu zipo. Nahodha azime mashine mbali, angoje pomboo waje wenyewe, na asikubali kushawishiwa na bahashishi ya mgeni. Mgeni aambiwe kabla hajapanda boti kwamba huenda asiwaone. Tena tusisahau majarife: pomboo wengi hufia ndani ya nyavu usiku, pasipo mtalii wala kamera.

Tukikatazwa msitu, tupikie nini?

Hapa sina jibu la kukufurahisha. Vijiji kama Charawe na Ukongoroni viko juu ya maweni, udongo haba, na kuni ilikuwa ndiyo kazi. Mizinga ya nyuki, miti ya kuni ya kupanda, majiko yanayotumia kuni kidogo, kunenepesha kaa, vyote nimeviona vikisaidia, na vyote pamoja havijafika pale ilipofika kuni. Anayechoma makaa Charawe anauzia mjini. Mpaka gesi iwe nafuu kwa mpishi wa mjini, tutaendelea kumkamata mtu wa kijijini kwa moto usiokuwa wake. Maeneo ya kukata kwa zamu, yaliyokubaliwa na kijiji chini ya Sheria ya Misitu namba 10 ya 1996, ni afadhali kuliko kukataza kote.

Nani mwenye mamlaka, Bara au sisi?

Sisi. Misitu na wanyama wa Zanzibar si jambo la Muungano. Wako chini ya Serikali ya Mapinduzi. Ukiwa na malalamiko anza kwa sheha, kisha wilaya, kisha idara ya misitu au ya uvuvi. Andika kwa karatasi na ubaki na nakala.

Miradi huja ikaenda. Kwa nini tuamini huu?

Usiuamini. Uulize. Wakati mmoja walikuja watu kijijini kwetu na magari mawili, tukasaini mahudhurio, tukala, tukaahidiwa mizinga. Miaka imepita na mizinga haijaja. Tangu siku ile kamati yetu huuliza mambo matatu kabla ya kusaini: fedha zinapita kwa nani, nani atakuwa na daftari, na mradi ukimalizika nani analipa mlinzi. Asiye na jibu la la tatu tunamshukuru kwa kutembelea.

Chui wa Unguja je, bado yuko?

Watu wa misitu ya kusini husema wamesikia. Mnyama mwenyewe, mkavu, yuko makumbusho mjini. Iliaminika kuwa chui hufugwa na wachawi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wakawindwa kwa kampeni kijiji kwa kijiji. Bibi yangu alikuwa akimuogopa hata kumtaja jina usiku. Wajukuu zangu hawamuogopi, kwa sababu hawamjui.

Nikimkuta kima kagongwa barabarani nifanye nini?

Simamisha chombo pembeni, washa taa, usimshike kwa mikono mitupu. Piga simu au mtume mtu kwenye lango la Jozani, walinzi watakuja. Akiwa ameshakufa usimburute kichakani ukaondoka. Walinzi wanataka kumuandika. Na kama ni jike, mtazame kifuani. Mtoto hung'ang'ania manyoya ya mama hata mama akiwa hapumui tena.